Kuoka akiki bila kuipasua, kisha kuichonga kichwa cha mshale: mwongozo kamili

Picha ninazotumiwa na watu wanaooka jiwe la akiki ili liwe rahisi kuchonga zinafanana. Kuna bati la kuokea, kuna mchanga, na katikati kuna akiki iliyopasuka vipande vinne au iliyobanduka visahani vya duara. Swali nalo ni lilelile: "Sikuzidisha nyuzi joto 250, mbona imeharibika?" Nikiuliza ilichukua muda gani kufika hizo 250, naambiwa saa moja, saa moja na nusu hivi. Mmoja aliniambia dakika arobaini, na alikuwa anaisifia oveni yake mpya.

250 haina kosa. Kosa ni maji. Akiki ukiishika ni gumu kama kioo, lakini ndani yake imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo vina maji. Ukiyachemsha kabla hayajapata njia ya kutoka, mvuke unajitafutia njia wenyewe, na njia hiyo ndiyo ufa unaouona.

Hivyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kungoja.

Mwongozo ni wa akiki na mawe ya ukoo wake. Kama una obsidiani ya Naivasha, usiioke. Ni kioo cha volkano tayari. Ipasue kama Hatua ya 2, kisha ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 7.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kuoka:

- Oveni ya umeme inayofika nyuzi 250. Ya gesi haifai, kwa sababu moto wake haushuki vya kutosha kwa hatua ya kukausha.
- Bati au sufuria pana yenye kina cha sentimita 8 hivi.
- Mchanga laini wa mtoni, uliochekechwa.
- Kipimajoto chenye waya, kile kinachochomekwa kwenye multimita za mafundi umeme. Kile cha kuelekeza mwanga kinasoma ngozi ya mchanga tu, na jiwe liko chini.

Kwa kuchonga:

- Mawe mawili ya mtoni ya duara: moja kama yai la bata, jingine kama yai la kuku. Yawe mazito, yasiyo na nyufa.
- Waya mnene wa shaba nyekundu, milimita 4 au 5, uliopachikwa kwenye mpini wa mti mgumu na kuchomoza sentimita 2. Ugonge kidogo kwa nyundo kabla ya kuutumia. Shaba ikigongwa ikiwa baridi inakuwa ngumu zaidi. Kisha uchonge ncha kwa tupa.
- Kipande cha ngozi nene cha kuweka kiganjani.
- Soli ya kandambili kuukuu.
- Kipande cha jiwe la kunolea mapanga.
- Miwani ya kinga, barakoa ya N95, glavu ya mkono unaoshika jiwe, viatu vya kufunika vidole, na turubai.

Tahadhari kuhusu shaba: fimbo nyingi za ardhi (za kupeleka umeme ardhini) zinazouzwa madukani ni chuma kilichopakwa shaba. Zinang'aa vizuri, ila zinaponda ukingo wa jiwe badala ya kuung'ata. Nenda na sumaku, ikinata, rudisha. Na pembe za swala achana nazo. Kumiliki sehemu ya mnyamapori bila kibali ni kosa Tanzania na Kenya, na waya wa shaba unaifanya kazi hiyohiyo.

Barakoa si pambo. Vumbi la akiki ni silika, na silika ikishakaa kwenye mapafu haitoki, wala ugonjwa wake hauna dawa ya kuuponya. Fanyia kazi nje, upepo ukupige ubavuni. Usifagie vumbi likiwa kavu; nyunyiza maji kwanza.

## Hatua ya 1: Chagua jiwe

Nunua mabonge ghafi kwa wauza vito, au vipande vilivyokwisha kukatwa kwa msumeno. Bamba lililokatwa, lenye unene wa milimita 6 hadi 8, ni zawadi kwa anayeanza, kwa sababu linakuepusha na hatua nzima ya kupasua.

Usiokote kwenye maeneo ya kale. Zana za mawe zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 kwa Tanzania, na ya Makumbusho na Urithi ya 2006 kwa Kenya. Jiwe unaloliona ni ghafi tu huenda limekwishapita mikononi mwa mtu miaka elfu kadhaa iliyopita.

Lilowanishe, kisha ulitazame kwenye jua. Nyufa huchelewa kukauka na huonekana kama nywele nyeusi. Ligonge taratibu kwa jiwe dogo: zima hulia kwa sauti kali kama kikombe cha kaure, lenye ufa hutoa mlio wa chungu kibovu. Kataa pia lenye tundu la fuwele katikati. Kibanzi, yaani kile kipande chembamba kinachobanduka ukipiga, kikifika kwenye fuwele kinasimama hapo hapo.

Bluu kali na waridi ya kupaka kucha ni rangi za kutiwa. Ziache.

## Hatua ya 2: Pasua likiwa bichi

Hapa wengi hukosea kwa kuoka bonge zima. Jiwe lenye unene wa ngumi litakauka juu huku moyo wake ukiwa bado na maji, na hakuna oveni ya nyumbani itakayolisubiri vya kutosha.

Kaa kwenye kiti kifupi, ngozi juu ya paja la kushoto, jiwe juu ya ngozi. Tafuta mahali ambapo pande mbili zinakutana kwa pembe isiyofika nyuzi 90. Piga karibu na ukingo, sentimita 1 ndani, kwa jiwe kubwa. Pigo liwe moja, lenye nia. Ukigonga-gonga kama anayebisha hodi, unajaza nyufa ndani bila kubandua kitu.

Vipande unavyovitaka ni vya upana wa kiganja cha mtoto na unene usiozidi sentimita 1.5. Vipunguze kingo zinazoning'inia hadi vikaribie umbo la jani. Usijitese kuvilainisha, akiki bichi ni sugu na itakula shaba yako.

Weka pembeni kibanzi kimoja kisichookwa. Andika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: BICHI. Utakihitaji Hatua ya 6.

Ukifaulu: una vipande vitano hadi kumi vya unene unaokaribiana. Kama kimoja ni milimita 5 na kingine sentimita 2, visiingie oveni pamoja.

## Hatua ya 3: Kausha, na uongeze siku moja

Anza na jua. Mafundi wa Khambhat, kule Gujarat nchini India, ambako shanga za akiki zimekuwa zikivuka bahari kuja pwani yetu kwa karne nyingi, kijadi huanika mawe yao juani kwa miezi kabla ya kuyafukia kwenye vyungu na moto wa samadi. Wewe una vipande vyembamba, kwa hiyo wiki moja juu ya bati la paa inatosha.

Mchanga nao ukaushe. Ukaange kwenye sufuria kama wauza karanga wanavyofanya, ukigeuza kwa mwiko hadi uache kutoa mvuke na uanze kutiririka kama maji. Mchanga wenye unyevu unatoa mvuke pembeni mwa jiwe, na wewe umerudi kwenye tatizo lilelile.

Weka mchanga sentimita 3 chini, panga vipande visigusane, funika kwa sentimita 3 nyingine. Choma waya wa kipimajoto ndani ya mchanga hadi usawa wa mawe.

Mchanga una kazi moja tu. Oveni huwaka na kuzima yenyewe, na kila ikiwaka joto lake hupanda ghafla. Mchanga unameza mapigo hayo yasilifikie jiwe.

Sasa washa oveni kwa nyuzi 90 na uiache muda wa saa 36. Ndiyo, siku moja na nusu. Iwe chini ya 100 ili maji yatoke bila kuchemka.

## Hatua ya 4: Pandisha joto ngazi kwa ngazi

Ratiba ninayoitumia mimi ni hii, na huanza jioni ya Ijumaa ili Jumapili mchana niwe nyumbani:

- Ijumaa saa 1 usiku: nyuzi 90.
- Jumapili saa 1 asubuhi: nyuzi 115.
- Saa 2: nyuzi 140.
- Saa 3: nyuzi 165.
- Saa 4: nyuzi 190.
- Saa 5: nyuzi 200. Iache hapo.
- Saa 9 alasiri: zima. Usifungue.

Namba hizo ni za mchanga, si za kitufe. Kitufe cha oveni kinaweza kudanganya kwa nyuzi 20 au 30, na mchanga hubaki nyuma ya hewa ya oveni. Kama ni saa 3 na mchanga bado unasoma 140, usipandishe. Subiri. Ratiba ikichelewa hadi magharibi hakuna kilichoharibika isipokuwa units za umeme.

Kwa nini 200 na si 250? Kwa sababu akiki hazifanani. Nyingine huiva 200, nyingine 230, nyingine hazisikii hadi 250. Jiwe ambalo halijaiva unalirudisha oveni. Lililoungua unalitupa. Anza chini, kisha kila mzunguko ongeza nyuzi 25 hadi lifike linapotaka. Usivuke 300 kwa kisingizio chochote.

Umeme ukikatika, usishtuke wala usifungue. Mchanga utapoa polepole wenyewe. Ukirudi, soma kipimajoto, na uanze kupanda kutoka pale mchanga ulipo, nyuzi 25 kwa saa. Anayeruka moja kwa moja kwenda alipokuwa ameishia ndiye anayenitumia picha Jumatatu.

## Hatua ya 5: Poza bila kuchungulia

Hili nimelilipia. Mwaka wangu wa kwanza, shemeji yangu alikuja kututembelea wakati oveni yangu iko nyuzi 200. Akataka kuona. Nikafungua mlango, nikavuta bati nje kidogo, nikafukua mchanga kwa kijiko ili aone rangi. Tukasikia *ti*. Kisha *ti, ti*. Sauti ndogo, kama bisi ya mwisho sufuriani. Kati ya vipande vinane, vitano vilikuwa vimekatika katikati, safi, kana kwamba vimekatwa kwa waya. Shemeji alidhani ndivyo inavyotakiwa.

Mlango ufungwe hadi asubuhi inayofuata, kwa muda wa saa 16 hivi. Ngoja hadi mchanga usome chini ya nyuzi 40, uweze kuzamisha mkono bila kuurudisha.

Kusoma makosa yako: visahani vya duara vilivyoruka juu ya jiwe maana yake ulipanda haraka au hukukausha. Ufa mmoja safi unaokata katikati maana yake ulipoza haraka, au ufa ulikuwemo tangu Hatua ya 1. Utando wa nyufa nyembamba kama uso wa tope lililokauka, pamoja na weupe uliofifia, maana yake umeunguza. Hilo la mwisho halirudi.

## Hatua ya 6: Jaribu kama limeiva

Usiamini rangi. Akiki yenye madini ya chuma hugeuka kutoka njano na kahawia kwenda wekundu. Ndiyo akiki nyekundu ya pete unayoijua. Isiyo na chuma hutoka na rangi ileile iliyoingia nayo, na bado ikawa imeiva vizuri.

Kipimo ni mng'ao. Chukua kipande kimoja, bandua kibanzi kidogo ukingoni, kisha uinamishe kovu jipya kwenye mwanga. Jiwe lililoiva lina kovu linaloteleza na kung'aa kana kwamba limepakwa mafuta, ilhali sehemu ya zamani pembeni yake bado imefifia. Linganisha na kile kibanzi ulichoandika BICHI. Tofauti ikikufanya ujiulize kama ipo, haipo. Rudisha oveni, nyuzi 225.

Kinachotokea ndani ni kwamba maji yaliyofungamana na jiwe lenyewe yanapoondoka, kuanzia nyuzi 200 hivi, chembe zake zinashikana upya. Ufa uliokuwa unazunguka-zunguka kati ya nyuzinyuzi sasa unakata moja kwa moja. Ndiyo sababu shaba iliyokuwa inateleza sasa inang'ata. Ndiyo sababu pia jiwe lililoiva huvunjika kirahisi likianguka, kwa hiyo tandika turubai.

### Kama huna oveni

Shimo linafanya kazi, ila hasara ni kubwa zaidi. Chimba mahali pakavu, kiangazi, kina cha sentimita 30. Washa moto humo saa nzima ili ukaushe udongo, toa makaa, weka mchanga mkavu, mawe, kisha sentimita 7 za mchanga juu. Washa moto mdogo juu yake, ukikuze polepole kwa saa 6, halafu funika makaa kwa majivu na uache hadi kesho kutwa. Ingiza waya wa kipimajoto. Bila huo unabahatisha, na mawe unayobahatisha nayo yawe yale usiyoyapenda.

## Hatua ya 7: Punguza unene

Kabla ya kugusa akiki uliyoiokea siku tatu, fanya mazoezi ya hatua hii na inayofuata kwenye kitako cha chupa ya bia. Vitako ishirini. Sitanii, kioo ni bure, na makosa yote utakayoyafanya kwenye akiki unaweza kuyafanya kwanza kwenye kioo.

Tazama kipande kwa ubavu na uwaze mstari unaokigawa unene sawa kwa sawa. Mahali utakapopiga pawe chini ya mstari huo, karibu na uso unaotaka kibanzi kitoke. Ukipiga juu ya mstari, unakata kipande katikati.

Kisha sugua ukingo kwa jiwe la kunolea hadi uache kukwaruza kidole. Huu ndio msuguo ambao wanaoanza huuruka, kwa kuwa unaonekana unaharibu makali. Ukingo mkali ni mwembamba. Pigo linauponda na nguvu inaishia hapo. Ukingo uliosuguliwa unabeba nguvu na kuipeleka ndani.

Piga kwa jiwe dogo, kwa mkono mwepesi kuliko Hatua ya 2. Kibanzi hufuata mgongo ulioinuka, kwa hiyo lenga nyuma ya mgongo. Geuza, piga upande wa pili, geuza tena. Kibanzi kikikatika katikati ya safari na kuacha ngazi, usiigonge ngazi hiyo kutoka upande uleule. Ingia kutoka ukingo wa pili uifuate kwa nyuma.

Simama ukifika upana mara tatu ya unene: sentimita 2.5 kwa milimita 8, kwa mfano. Tamaa ya kupunguza "kidogo tu" ndiyo inayozaa nusu mbili.

## Hatua ya 8: Bandua kwa kusukuma

Weka ngozi kiganjani, kipande juu ya ngozi, ukingo ukitazama mkono wa kulia. Kibane kwa vidole vinne. Egemeza mgongo wa mkono wa kushoto kwenye paja la ndani ili nguvu itoke miguuni na mabegani. Vifundo pekee vitachoka kabla ya saa moja kwisha.

Weka ncha ya shaba juu ya ukingo uliosuguliwa. Sukuma kwanza kwenda ndani, kuelekea katikati ya jiwe, bila kitu kutokea. Ongeza. Ukihisi jiwe limebeba uzito wako wote, inamisha kifundo cha mkono kidogo kwenda chini. *Tik*. Kibanzi kinatoka upande wa chini, kwenye ngozi.

Anayesukuma chini kwanza hupata vimego vifupi na ukingo unaozidi kuwa butu. Anayesukuma ndani kwanza hupata kibanzi kirefu, chembamba kama ukucha, kinachofika nusu ya upana. Noa shaba kwa tupa kila baada ya vibanzi kumi hivi.

Maliza upande mmoja wote, sugua, geuza, rudi. Anzia kwenye kitako, ncha iwe ya mwisho, na kwenye ncha sukuma kuelekea kitakoni, kamwe usisukume kuikata.

Vibanzi vilivyoanguka kwenye ngozi vikung'ute kabla ya kila msukumo. Vikibaki chini ya jiwe vinakata ngozi, kisha kiganja, na hutahisi hadi uone damu.

Ukifaulu: urefu sentimita 4, upana 2, unene milimita 5 au 6. Ukikishika kwenye jua mwanga unapita kingoni, na ukikitazama kwa ubavu ukingo ni mnyoofu, si wa kupinda kama nyoka.

## Hatua ya 9: Pengo la kufungia uzi

Kata mfereji kwenye soli ya kandambili na uweke kitako cha jiwe juu yake; mpira unashika na mfereji unakipa kibanzi nafasi ya kutoka. Ponda ncha ya waya wa shaba iwe bapa kama bisibisi ndogo. Bandua kibanzi kimoja, geuza, bandua kingine palepale, geuza. Milimita 3 au 4 kila upande zinatosha.

Sugua ndani ya pengo, makali yasije yakaukata uzi wako mwenyewe.

## Taka

Kunja turubai kwa pembe nne, mimina vibanzi vyote kwenye ndoo yenye maji. Kimoja kikibaki uani, mtoto atakipata kwa unyayo.

Vizike shimoni, na juu yake tupia sarafu ya mwaka huu au kizibo cha soda. Vibanzi vyako havina tofauti na vya miaka elfu kumi iliyopita, na siku moja mtu wa mambo ya kale atachimba hapo.

Usimwage Olduvai.